Anayenunua Kidogo Kidogo Ndiye Anayehitaji Kiwango

Mafundi wa kamera za CCTV huku Kisii na Nyamira wana ushauri mmoja walioukariri hadi ukawa kama sheria: usichanganye. Ukianza na kampuni moja, malizia na hiyo hiyo. Kamera zake, kirekodi chake (DVR), apu yake ya simu. Anayeuliza habari za ONVIF, kiwango kinachozifanya kamera na virekodi vya kampuni tofauti visikizane, huambiwa hayo ni mambo ya Nairobi, ya mabenki na viwanja vya ndege, na kwamba mwenye duka pale Kiogoro anachohitaji ni kamera nne za bei nafuu zinazomwonyesha mlango na droo ya pesa. Mara nyingi ushauri huu hutolewa kwa nia njema. Hata hivyo ni ushauri mbaya, na wanaoumia kwa sababu yake ni wale wale unaodai kuwahurumia.

Tazama jinsi mtu wa Kiogoro anavyonunua vitu. Tupo kilomita chache tu kutoka mjini Kisii, katika Nyaribari Chache, lakini pesa zetu haziingii kwa mpangilio wa mjini. Kamera mbili za kwanza hununuliwa bonasi ya majani chai inapolipwa. Ya tatu huja baada ya wezi kupitia mlango wa nyuma. Ya nne huletwa Krismasi na kijana anayefanya kazi Nairobi, naye huinunua kule alikoiona, si kule baba yake alikonunua zile za kwanza. DVR yenyewe pengine ilitoka kwa jirani aliyefunga duka. Hivyo ndivyo mfumo unavyokua: kipande kwa kipande, kwa miaka, kutoka kwa wauzaji tofauti.

Benki hainunui hivyo. Benki hutangaza zabuni, hununua kila kitu siku moja, hutia saini mkataba wa matengenezo, na ikibanwa na muuzaji ina wanasheria wa kuisemea. Basi kati ya hao wawili, ni nani hasa anayehitaji uhakika kwamba kamera aliyoinunua mwaka huu itasikizana na DVR atakayoinunua miaka mitatu ijayo? Mafundi wetu wanasema ni benki. Mimi nasema ni mwenye duka.

Siku ya kulijua hilo hufika stima inapopotea usiku kisha ikarudi kwa nguvu. Asubuhi DVR haiwaki. Fundi anakuja na nyingine, ya kampuni tofauti kwa sababu ile ya zamani haipatikani tena mjini. Anapanda ngazi, anafuata waya kamera kwa kamera, anashuka, anaiwasha. Kamera zote nne zi hai. Ukizikinga kwa kiganja mchana, utaona vitaa vyake vya usiku vikiwaka wekundu hafifu. Kwenye skrini, visanduku vinne vyeusi. "Mzee, hizi hazisikizani na hii. Itabidi ununue zote upya." Kilichoharibika ni kisanduku kimoja. Kinachotupwa ni kamera nne nzima pamoja nacho. Hiyo ndiyo gharama halisi ya ile kamera iliyoitwa nafuu, na haikuandikwa kwenye risiti.

Ugonjwa huu una dawa, na imekuwapo tangu 2008. Mwaka huo kampuni tatu zilizokuwa zikishindana sokoni, Axis ya Uswidi, Bosch ya Ujerumani na Sony ya Japani, zilianzisha ONVIF. Hazikukubaliana juu ya umbo la kamera wala ubora wa picha. Zilikubaliana juu ya mazungumzo: kamera ijitambulishe vipi ikichomekwa kwenye mtandao, iombwe picha kwa maneno gani, saa yake irekebishwe namna gani, na iseme nini inapoona kitu kikisogea. Kundi jingine, PSIA, lilianza mwaka huo huo na kiwango chake, lakini ONVIF ndiyo iliyoenea. Leo orodha yake ina zaidi ya bidhaa 20,000, na sehemu ya kazi yake imeingizwa katika viwango vya kimataifa vya IEC, mfululizo wa 62676. Imegawanywa kwa profaili: S kwa ajili ya kutuma picha, G kwa ajili ya kurekodi na kutafuta kilichorekodiwa, T iliyotoka 2018 kwa ajili ya mbano mpya wa video wa H.265 na taarifa za kamera kuchezewa, M ya 2021 kwa ajili ya maelezo yanayoambatana na picha. Hakuna lililo la anasa hapo. Ni makubaliano ya lugha.

Wakenya hatuhitaji mgeni kutufundisha somo hili. Kabla ya 2018, mwenye Airtel aliyetumiwa pesa na mwenye M-Pesa hakuzipata kwenye pochi ya simu yake. Mitandao ilipounganishwa mwaka huo, kisha namba za malipo za wafanyabiashara zikafunguliwa 2022, mabenki hayakuruka kwa furaha. Aliyepata nafuu ni mama mboga, ambaye hakulazimika tena kumfukuza mteja kwa sababu ya laini yake. Makubaliano kati ya wakubwa humsaidia zaidi mdogo, kwa kuwa mkubwa ana njia nyingine za kujiokoa.

Sasa nije kwenye jibu ambalo kila fundi hunipa: "ONVIF nimeijaribu, haifanyi kazi." Ninalichukua kwa uzito, maana anayelitoa amesimama juu ya ngazi kwenye jua na amekosa picha. Lakini tuangalie inavyokataa. Sababu kubwa ya kwanza ni saa. Programu inapojitambulisha kwa kamera kwa njia ya ONVIF, haitumi nenosiri wazi. Hutuma hesabu inayochanganya nenosiri na saa ya wakati huo, ili mwizi akiunasa ujumbe asiweze kuutumia tena baadaye. Kamera nyingi zinatoka viwandani China zikiwa na saa za Beijing, saa tano mbele ya zetu. DVR, ambayo fundi ameirekebisha kwa mkono bila kubadili ukanda wa saa, inasema ni saa nane mchana; kamera inasema ni saa moja usiku. Kamera inauona ujumbe huo kuwa si wa sasa, inaukataa, na skrini inaandika kwamba nenosiri si sahihi. Fundi anaandika nenosiri lile lile mara ya pili, ya tatu, kisha anahukumu kwamba kiwango ni bure. Kumbe kilichotakiwa ni kurekebisha saa.

Sababu ya pili ni akaunti. Katika kamera za Hikvision za miaka ya karibuni, ONVIF hutoka kiwandani ikiwa imezimwa. Ni lazima uingie kwenye mipangilio, uiwashe, kisha uunde mtumiaji wa ONVIF peke yake, tofauti na msimamizi wa kamera. Ya tatu ni mbano wa picha: kamera inatuma H.265 ilhali DVR ya zamani inaelewa H.264 tu. Mpangilio mmoja ukibadilishwa, picha inakuja. Mambo haya matatu hayahitaji shahada. Yanahitaji fundi aliyefundishwa, naye hatafundishwa maadamu soko lote limekubaliana kwamba hakuna haja.

Ipo sababu ya nne, na hapo fundi ana haki kabisa ya kulalamika. Neno ONVIF limepigwa chapa kwenye makasha ya bidhaa ambazo hazikuwahi kupimwa. Kuandika jina si kutimiza kiwango. Kampuni isiyo mwanachama hairuhusiwi kudai kwamba bidhaa yake imekitimiza, na tamko la kweli hutaja modeli, profaili na toleo la programu iliyomo ndani ya kamera. Orodha hiyo iko wazi kwenye tovuti ya ONVIF, na simu yoyote yenye bando inaifungua. Ukiuziwa mbuzi kwenye gunia, kosa ni la aliyelifunga gunia. Usiifanye hiyo kuwa sababu ya kutokagua mbuzi.

Wengine hunikumbusha kwamba kamera nyingi za madukani si za mtandao. Ni zile za waya wa koaksi, na ONVIF haizigusi. Ni kweli. Ila historia ya kamera hizo inanitetea mimi. Picha safi ilipoingia kwenye koaksi, kila kundi lilikuja na njia yake: Dahua na CVI, Techpoint na TVI, Nextchip na AHD. Kamera ya kundi hili ilikuwa giza kwenye DVR ya kundi lile. Wanunuzi walichoka kuteseka, na soko likalazimika kuleta DVR inayozisoma zote tatu, pamoja na kamera za analogi za zamani, na juu yake kamera za mtandao. DVR hiyo leo inauzwa madukani mjini Kisii, na fundi yule yule anayekuonya usichanganye ndiye anayeipendekeza, kwa sababu inakubali kila kitu. Anaiamini hoja yangu mikononi mwake huku akiipinga kwa mdomo.

Nakubali jambo moja bila kusitasita: ukichanganya utapoteza baadhi ya vitu. Kamera inayohesabu watu, inayotofautisha gari na mtu, au inayolia mtu akivuka mstari, mara nyingi itafanya hayo vizuri zaidi ikiwa na DVR ya ndugu yake. Kwa kiwanda kikubwa, hasara hiyo inaweza kuwa na maana. Mwenye duka la dawa za mifugo Kiogoro anataka picha inayoonekana, saa iliyo sawa, na kurekodi kusikokatika. Hayo matatu kiwango kinayabeba.

Na hoja ya kwamba ukiwa na kampuni moja unajua umpigie nani simu? Ingekuwa na nguvu kama kampuni hiyo ingekuwa na ofisi hapa. Unayempigia ni fundi, na fundi huhamia Nakuru, huacha kazi, hubadilisha namba. Mfumo unaoeleweka na fundi mmoja tu unakufunga kwake. Mfumo unaofuata kiwango unaweza kushikwa na fundi wa pili, wa Keroka au wa Nyamira, bila kuanza upya.

Kuna wanaodai kwamba mfumo uliofungwa ni salama zaidi, kwamba kilicho wazi kinamwalika mdukuzi. Ushahidi unasema vingine. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na DVR kwa wingi duniani, na Oktoba mwaka huo jeshi hilo la vifaa likaiangusha Dyn, kampuni iliyokuwa ikishughulikia majina ya tovuti, na pamoja nayo tovuti kubwa za Marekani zikatoweka kwa saa kadhaa. Haikupitia mlango wa ONVIF. Ilipitia majina na manenosiri ya kiwandani ambayo hakuna aliyeyabadilisha. Machi 2021 wadukuzi waliingia katika Verkada, kampuni ambayo kamera zake zilitegemea wingu lake yenyewe, wakaziona kamera takriban 150,000, zikiwemo za hospitali na magereza. Kufungwa hakukuziokoa, kulimaanisha tu kwamba aliyepata ufunguo mmoja alifungua milango yote. Sisemi kwamba ONVIF haina tundu. Mwaka 2019 wahalifu walitumia njia yake ya vifaa kutafutana mtandaoni kuzidisha mashambulizi, kwa sababu watu waliacha vifaa hivyo wazi kwa intaneti nzima. Kinga ni ile ile kwa mifumo yote: badilisha nenosiri, usiiachie intaneti mlango wa kamera, sasisha programu.

Lakini linaloniuma zaidi katika mjadala huu ni ushahidi. Kamera ya duka haiwekwi ili mwenye duka afurahie kutazama. Inawekwa ili siku moja picha yake ifike kituo cha polisi, kisha mahakamani. Mwaka 2014 serikali iliipa Safaricom kandarasi ya shilingi bilioni 14.9 kuweka kamera 1,800 na mawasiliano ya polisi Nairobi na Mombasa. Kisii haikuwemo. Huku kwetu mpelelezi anategemea kamera za maduka, za vituo vya mafuta, za sacco, na kila moja ina tabia yake. Anayetoka kwa muuza simu ana faili la .dav. Anayetoka kwenye kituo cha mafuta ana faili linalojiita MP4 lakini halifunguki kwenye kompyuta ya kituo bila programu ya aliyeitengeneza kamera. Wa tatu amepiga picha skrini kwa simu yake, kwa sababu hakujua njia nyingine. Na kila kanda ina saa yake. Mpelelezi anayejaribu kumfuata mshukiwa kutoka duka hadi duka anaona mtu mmoja akiwa mahali pawili kwa wakati mmoja, au akifika kabla hajaondoka.

Sheria yetu ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka rekodi ya kielektroniki iambatane na cheti cha mtu mwenye dhamana juu ya kifaa kilichoitoa, akieleza ilivyotolewa. Wakili wa utetezi anayejua kazi yake atauliza maswali mawili tu: saa hii ilitoka wapi, na faili hili lilibadilishwa na programu gani kabla halijafika hapa? Mwenye duka wa Kiogoro, akiwa kizimbani na DVR iliyotoka kiwandani na saa ya Beijing, atajibu nini?

Wenzetu walikutana na tatizo hili mapema. Baada ya mabomu ya mbio za Boston, Aprili 2013, wapelelezi walifurikiwa na video za kila aina. Mwaka 2017 taasisi ya viwango ya NIST ya Marekani ilichapisha pendekezo la namna mfumo wa kamera unavyopaswa kutoa nakala: faili la MP4, picha za H.264, na muda uliohesabiwa kwa saa ya dunia, UTC. Mambo matatu tu, na video za watu mia zinaweza kupangwa kwenye mstari mmoja wa wakati. Mwaka ule ule wa 2013, mwezi Septemba, sisi tulikuwa na shambulio la Westgate. Tulikuwa na sababu zile zile za kudai kitu hicho hicho.

Pingamizi la mwisho ndilo ninaloliheshimu kuliko yote. Linasema: ukizifanya kamera zote zisikizane, umeirahisishia serikali kazi ya kutuchunguza. Leo polisi wanahangaika na .dav; kesho watakuwa na kamera zote za Nyaribari Chache kwenye ukuta mmoja. Anayeogopa hivyo si mwoga. Ana sababu, na ameiona nchi hii ikitumia vibaya vyombo vyake. Ila kuchanganyikiwa kwa mafaili hakumlindi raia. Kunamlinda aliyeshika DVR. Juni 2025, Albert Ojwang wa Homa Bay alipofia mikononi mwa polisi katika Kituo Kikuu cha Nairobi, IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, iliieleza Seneti kwamba mfumo wa kamera wa kituo hicho ulikuwa umechezewa. Kamera zilikuwepo. Rekodi ilikaa mahali pamoja, chini ya mikono ya wale wale waliopaswa kuchunguzwa. Kamera inayofuata kiwango inaweza kutuma picha kwa virekodi viwili kwa wakati mmoja, kimoja kituoni na kingine kwa chombo huru, kila kimoja kikiwa cha kampuni tofauti. Mfumo uliofungwa hautoi nafasi hiyo mpaka muuzaji apende.

Kinachomlinda raia dhidi ya serikali ni sheria inayotekelezwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa aliyerekodiwa haki juu ya picha yake, na kanuni zake za 2021 zinamtaka anayeendesha CCTV kwa ajili ya kuzuia uhalifu ajisajili hata kama biashara yake ni ndogo. Kifungu cha 38 cha sheria hiyo kinazungumzia haki ya mtu kupewa data zake katika muundo uliopangika, unaotumika sana na unaosomeka kwa mashine. Faili linalofunguka kwa programu ya kampuni moja tu halifikii kipimo hicho. Kwa hiyo anayepinga kiwango kwa jina la faragha anapingana na sheria ya faragha yenyewe.

Serikali zetu za kaunti nazo hazina kisingizio. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, kifungu cha 60, inakataza masharti ya kiufundi kutaja chapa au mtengenezaji fulani, na inaelekeza yaegemee viwango. Zabuni ya kamera za soko, hospitali au ofisi ya wadi, iwe Kisii au Nyamira, inapaswa kusema Profaili T na Profaili G, nakala itoke kwa MP4, saa ifuate UTC, na nenosiri la msimamizi likabidhiwe kaunti siku ya makabidhiano. Zabuni inayosema "mfumo kamili wa kisasa" na kuishia hapo inamwachia mkandarasi aifunge kaunti kwa miaka kumi kwa pesa za umma. Wawakilishi wadi wana mamlaka ya kuuliza. Waulize kabla hundi haijatoka.

Nawe unayekwenda kununua kamera juma lijalo, usitoke dukani mpaka risiti iandikwe namba ya modeli na profaili ya ONVIF, uwe umeitafuta namba hiyo kwenye orodha kwa simu yako ukiwa umesimama pale pale. Fundi akimaliza kazi, mwambie alinganishe saa ya kila kamera na ya simu yako, atoe kipande cha dakika moja kwenye flashi, na akifungue kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuona DVR hiyo. Kisha akuandikie nenosiri la msimamizi. Akikataa lolote kati ya haya, usimlipe salio.